SOMO: WAFANYAKAZI WA ASUBUHI NA MABADILIKO YA KAZI



Somo la safari hii linahusu watu wa kujitolea, wale wanaofanya kazi bila mshahara. Wengi hufikiri kwamba mtu asiyelipwa ni mwepesi kuongoza, kwani hana kitu cha kupoteza. Sisi tunasema ni kinyume. Anayelipwa akibadilishiwa kazi hunung'unika, lakini mwisho wa mwezi anapokea. Asiyelipwa, mshahara wake ni ile namna ya kazi aliyoizoea na heshima aliyoipata ndani yake. Ukiigusa, umegusa mshahara wake wote.

Tutwae mfano wa maktaba moja isiyo na nyumba wala kabati. Inaitwa Project Gutenberg. Ilianza tarehe 4 Julai 1971 huko Marekani, kwenye universite ya Illinois. Mwanafunzi mmoja, Michael Hart, alipewa ruhusa ya kutumia ordinatere kubwa ya universite. Akaketi, akaandika kwa vidole vyake Tangazo la Uhuru la nchi yake, ili kila mwenye mashini kama ile aweze kulisoma bure. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, kwa sababu mashini ile haikuwa na herufi ndogo. Aliendelea hivyo miaka mingi, yeye na wachache waliomsaidia. Biblia nzima ya Kiingereza, ile ya mfalme James, iliingia mwaka wa 1989 ikiwa kitabu namba 10. Mhesabu wenyewe: miaka 18, vitabu 10. Anayecheka hajawahi kunakili hata zaburi moja kwa mkono.

Hart alikuwa na sheria moja aliyoishika sana: maandishi yawe mepesi kabisa, herufi za kawaida tu, bila mapambo. Vijana waliokuja nyuma waliona ni ukaidi wa mzee. Walitaka italiki, picha na kurasa nzuri. Lakini mzee alikuwa na sababu. Mashini hufa, na programu hufa pamoja nazo. Andiko lililofungwa ndani ya programu moja huzikwa nayo, lakini andiko jepesi husomwa na mashini yoyote. Alichokilinda Hart ni msomaji maskini mwenye mashini ya zamani. Ndiyo maana tunasema: anayekataa mabadiliko, mara nyingi kuna mtu anamlinda, na ni vizuri kujua ni nani huyo.

Hata hivyo, sheria ile ilikuwa na walioachwa nje. Kiswahili chetu kinatosha ndani ya herufi za kawaida, tumshukuru Mungu. Kifaransa hakitoshi, kwani kina alama juu ya herufi. Kilingala kikiandikwa sawasawa na wenye elimu hakitoshi pia. Na Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, hakina hata mahali pa kuingilia. Tutarudia jambo hilo.

Mwaka wa 2000 mtu mwingine, Charles Franks, alileta namna mpya. Kitabu kinapigwa picha, mashini inajaribu kusoma ile picha, kisha watu wanasahihisha, kila mmoja ukurasa mmoja mmoja, akiwa nyumbani kwake. Kazi hiyo inaitwa Distributed Proofreaders. Kwa nini mashini haitoshi? Kwa sababu inaona h inasema b. Neno "hali" linakuwa "bali", na yote mawili ni maneno halali, hakuna programu itakayolalamika. Inatakiwa jicho la mtu anayefahamu anachosoma. Mwanzoni kila ukurasa ulipitiwa na watu wawili, basi.

Tarehe 8 Novemba 2002 habari za kazi hiyo zilitangazwa mahali panaposomwa na wengi, na kwa siku moja watu zaidi ya 4.000 wakajiandikisha. Hapa mnakumbuka mfano wa shamba la mizabibu: walioajiriwa alfajiri na wale waliofika jua likishuka. Sisi huwa tunawahukumu haraka wale wa alfajiri, tunasema ni wivu. Lakini katika kazi ya vitabu, mgeni asiyejua kanuni huacha makosa, na ni yule wa zamani anayeyaokota usiku. Aliyekuwa msahihishaji amekuwa mwalimu bila kuulizwa.

Basi, kuanzia mwaka wa 2005, hatua ziliongezwa. Badala ya kupitiwa mara mbili, ukurasa ulikuja kupitiwa mara tano: mara tatu kwa ajili ya makosa ya herufi, na mara mbili kwa ajili ya mpangilio. Kwa hatua za juu, mtu lazima apimwe kwanza. Hebu jiwekeni mahali pa aliyefanya kazi hiyo tangu mwanzo, aambiwe sasa aombe ruhusa. Usafi wa maandishi uliongezeka, hatukatai. Lakini kurasa zililundikana kwenye hatua za juu, kwani wenye ruhusa walikuwa wachache, na vitabu vikangoja muda mrefu sana. Hivyo waliosema "mtachelewa" hawakusema uongo. Na waliosema "makosa yatapungua" hawakusema uongo pia. Mwezi wa Machi 2007 walikwisha kumaliza vitabu 10.000.

Turudi kwa Kigiriki. Miaka mingi, neno la Kigiriki lilipoonekana katika ukurasa, msahihishaji aliliandika kwa herufi zetu ndani ya mabano, sauti kwa sauti, kufuata kanuni. Wako waliojifunza kazi hiyo mpaka wakawa mafundi. Mwaka wa 2020 Distributed Proofreaders walihamia mfumo wa herufi unaopokea maandishi ya lugha nyingi za dunia, na Kigiriki sasa kinaingia kama kilivyo. Ni jambo jema, tena lilichelewa. Lakini ule ufundi wa mabano, wa miaka karibu ishirini, ulibaki bila kazi, na wenyewe hawakuwa wamekosa lolote. Hatumfukuzi mtu kwa kubadilisha herufi, lakini yeye anaweza kwenda nyumbani akijiona amefukuzwa, na asirudi. Asiporudi, anakwenda na mambo ambayo hayajaandikwa katika kanuni yoyote.

Michael Hart alifariki mwezi wa Septemba 2011. Maktaba yake leo imepita vitabu 70.000, na andiko jepesi alilolipigania bado linatolewa kando ya zile kurasa nzuri za vijana.

Swali kwa vikundi vya wiki hii: kati ya kazi tunazozifanya bila mshahara, ni ipi inayojulikana na mtu mmoja tu, na mara ya mwisho aliulizwa lini namna anavyoifanya?