Ukisaini Fomu ya Kupasuliwa Pua, Umekubali Nini?

Fomu ya ridhaa huletwa mwishoni, mteja akiwa ameshalipa, ameshavua hereni na hajala tangu usiku. Ni karatasi mbili tatu za Kiingereza, herufi ndogo, na muuguzi ameshika kalamu: "Dada, saini hapa na hapa, daktari anasubiri." Anasaini. Miezi inapita, tundu moja la pua halipitishi hewa, na akirudi kulalamika anaonyeshwa karatasi ile ile: si ulikubali mwenyewe? Wengi huondoka kimya, wakiamini wameshajifunga. Hilo linaniuma, kwa sababu sahihi ile haina nguvu wanayoambiwa inayo.

Unapotoa ridhaa, unamruhusu daktari akukate, na unakubali kubeba madhara yanayoweza kutokea hata kazi ikifanywa kwa ustadi, madamu ulielezwa: damu, uvimbe, kovu, hata kulazimika kupasuliwa tena. Uzembe haumo. Aliyefanya upasuaji asioujua, au aliyekulaza kwa nusukaputi bila mtaalamu wa usingizi chumbani, hawezi kujificha nyuma ya sahihi yako. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 233, inahesabu matibabu au upasuaji wa kizembe unaohatarisha uhai au unaoweza kumdhuru mtu kuwa kosa la jinai, na kosa la jinai halifutwi kwa makubaliano ya watu wawili.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 13 kwamba watu wanahesabiwa wameridhiana pale wanapokubali jambo lile lile kwa maana ile ile. Sasa mtu aliyesainishwa karatasi asiyoielewa, dakika kumi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, ameridhia jambo gani? Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kwa hiyo hakuna aibu kusema: "Naomba fomu ya Kiswahili, au nisomewe na kufafanuliwa, kisha niende nayo nyumbani." Kurekebisha pua kwa ajili ya urembo si dharura. Inaweza kusubiri wiki, inaweza kusubiri mwaka. Kliniki inayokukatalia nakala ya fomu kabla ya siku ya kisu, ningekushauri uondoke hata kama umeshalipa kianzio, uje udai fedha zako baadaye.

Kuna shauri la Uingereza linalokusaidia hapa, la Montgomery dhidi ya Bodi ya Afya ya Lanarkshire, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2015. Mahakama ilisema daktari hapimi mwenyewe kipi cha kumwambia mgonjwa. Anatakiwa kueleza kila hatari ambayo mtu katika nafasi ya mgonjwa huyo angeiona ni ya maana. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini sheria yetu ya madai ya uzembe ina asili ya Uingereza, na wakili anaweza kuutumia kama hoja ya ushawishi. Kwa mteja wa urembo hoja ina uzito wa pekee, maana ameingia akiwa mzima.

Basi ni yapi anayopaswa kuelezwa? Wengi wetu tuna ngozi nene ya pua na gegedu laini, kwa hiyo kuinua mgongo wa pua hakufanywi kwa kuchonga tu. Mara nyingi daktari huongeza kitu: gegedu lililotolewa kwenye ukuta wa kati wa pua, sikioni au ubavuni, au kipandikizi cha silikoni. Silikoni inaweza kushika maambukizi, kuhama, hata kutoboa ngozi na kuchungulia nje miaka baadaye. Uliza waziwazi utawekewa nini na kimetoka wapi. Uvimbe wa ncha ya pua huchukua hadi mwaka mmoja kutulia, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo picha ya wiki ya sita si matokeo. Ukiwa na historia ya makovu yanayovimba, selimundu, pumu, au unatumia aspirini, sema, hata usipoulizwa. Na muulize daktari kuhusu kupumua, maana pua nzuri isiyopitisha hewa ni hasara ya kila usiku.

Sindano ndizo zinazonitia hofu zaidi. Zinanadiwa kama njia ya haraka ya kuchongesha pua bila kisu: unachomwa kijazio mchana, jioni unakwenda harusini. Lakini mishipa ya damu ya pua inaungana na ile ya jicho. Kijazio kikiingia ndani ya mshipa kinaweza kuziba damu, ngozi ikafa, au mtu akapofuka ghafla, na madhara hayo yameripotiwa na madaktari katika nchi nyingi. Kabla ya kuchomwa, taka boksi lifunguliwe mbele yako. Soma jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, piga picha, kisha uliza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Uliza pia dawa ya kuyeyusha kijazio iko wapi iwapo mambo yataharibika. Wakikuonyesha bomba la sindano lililokwisha kujazwa, halina lebo, nyanyuka.

Usajili ni wa aina mbili na zote unaweza kuzidai. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika chini ya sheria ya mwaka 2017 ya madaktari, madaktari wa meno na wataalam wa afya shirikishi. Kituo binafsi nacho kinahitaji usajili wake chini ya Sheria ya Hospitali Binafsi, Sura ya 151. Kwa upole kabisa sema: "Samahani daktari, naomba jina lako kamili, namba yako ya usajili, na fani uliyobobea." Kwa pua unatafuta bingwa wa upasuaji rekebishi au wa masikio, pua na koo. Udaktari peke yake hautoshi, na cheti cha mafunzo ya urembo cha siku chache ndiyo kabisa. Ukipewa jina, lihakiki kwa Baraza kabla ya kulipa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ya Kariakoo. Juu ya maduka ya vitenge na vipodozi ya mitaa kama Kongo na Aggrey kuna vyumba vya kupanga, na chumba cha kusuka nywele, kuchora nyusi na kuchoma sindano kinaweza kuwa kimoja hicho hicho. Saluni yenye leseni ya biashara si hospitali. Jirani zetu wameliona: mwaka 2024 mamlaka za Kenya zilifunga kliniki moja ya urembo jijini Nairobi baada ya mteja kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta. Huku kwetu, Muhimbili Mloganzila imekuwa ikitoa upasuaji rekebishi, kwa hiyo hata asiyekusudia kupasuliwa huko anaweza kutafuta ushauri wa pili wa bingwa.

Fedha. Taka makadirio ya maandishi yanayoonyesha ada ya daktari, ya usingizi, ya kulazwa, dawa, na nani atalipia iwapo pua itahitaji kurudiwa. Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa ugomvi. Dai risiti ya EFD. Kikaratasi cha kalamu ya risasi kilichoandikwa "amelipa nusu" kitakusumbua mbele ya hakimu. Ukitumiwa ahadi kwa WhatsApp, usizifute: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Tangazo linaloahidi matokeo ya uhakika au linalotumia picha ya mtu mwingine ni upotoshaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaukataza.

Picha za kabla na baada ni zako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya ni taarifa nyeti, na kliniki haiwezi kuirusha sura yako Instagram kwa sababu tu ulikubali kupigwa picha ya faili. Ridhaa ya upasuaji na ridhaa ya matangazo zitenganishwe. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, nayo ndiyo njia ya kudai nakala ya faili.

Bima ya NHIF hailipii urembo. Lakini usichanganye: pua iliyovunjwa na bodaboda, au ukuta wa kati uliopinda hadi hupumui, ni tiba. Omba daktari aandike hivyo. Kwa ajali chukua fomu ya PF3 polisi mapema, kisha uulize bima ya chombo kilichokugonga. Mfupa wa pua hurudishwa kwa urahisi ndani ya wiki mbili hivi za mwanzo, usisubiri hadi upone umepinda.

Anayepelekwa Istanbul au India na dalali aombe mkataba na hospitali yenyewe kabla ya tiketi. Kuishtaki kliniki ya huko ukiwa Ilala ni kazi ngumu na ya gharama. Dalali aliyepokea fedha zako hapa unaweza kumfikia, ikiwa una jina lake halisi na risiti.

Mambo yakiharibika, kwanza tibiwa, na atakayekutibu aandike alichokikuta. Piga picha zenye tarehe. Omba nakala ya faili kwa barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha andika malalamiko kwa Msajili wa Baraza la Madaktari. Baraza linaweza kumwadhibu daktari, hata kumfuta kwenye daftari, ila halikulipi fidia. Fidia hutolewa na mahakama, na saa inatembea: madai ya uzembe yana miaka 3 na ya kuvunjwa kwa mkataba miaka 6, kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Hospitali ikiwa ya serikali, lazima utoe ilani ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu likimjumuisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku hizo 90 zihesabu mapema, usije ukazianza mwezi wa mwisho wa mwaka wa tatu. Asiye na fedha za wakili ana njia chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada huo hapa Dar es Salaam. Nenda na fomu, risiti, picha na faili, vyote kwenye bahasha moja.