Akiba ya Pumzi: Somo kwa Vyama vya Wakulima wa Pamba

Chama chenye busara hakigawi fedha zote za msimu, huweka akiba. Mwili wa binadamu nao una akiba yake ya pumzi. Somo hili laeleza ukubwa wa akiba hiyo, na jinsi iwezavyo kuliwa bila mwenyewe kujua.

1. Pumzi ya kawaida
Mtu mzima aliyetulia huvuta kiasi cha nusu lita ya hewa kila apumuapo. Katika hiyo, mililita 150 hivi huishia katika pua, koo na mirija mikubwa, wala hazifiki mahali ambapo damu hupokea oksijeni.

2. Akiba
Baada ya kuvuta pumzi ya kawaida, mwanamume mwenye afya akijaza kifua kwa nguvu zake zote huongeza lita 3 hivi. Baada ya kutoa pumzi ya kawaida, aweza kusukuma nje lita 1 nyingine au zaidi kidogo. Mafungu haya matatu kwa pamoja huitwa ujazo hai, nao hukaribia lita 5. Zaidi ya hayo, lita 1 na ushei husalia mapafuni daima, hata mtu ajikamue vipi. Hivyo mapafu yaliyojaa hubeba lita 6 hivi. Kwa wanawake vipimo hivi huwa pungufu.

Mwaka 1846 tabibu Mwingereza John Hutchinson alitangaza matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000 kwa spirometa, chombo cha kupimia pumzi. Aliona kwamba ujazo hai huongezeka kwa kadiri ya kimo cha mtu, na hupungua mapafu yanapougua.

3. Hasara isiyoonekana
Kwa kuwa kazi nyepesi hutumia sehemu ndogo tu ya akiba, mtu aweza kupoteza nyingi kabla ya kuanza kutweta. Vumbi la vinu vya kuchambulia pamba hubana mirija ya hewa. Dalili ya mwanzo ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, mara nyingi Jumatatu. Siku zifuatazo hali hupoa, na mfanyakazi hudhani amepona. Miaka ikipita, nafuu hiyo huweza kutoweka, na kilichopotea kisirudi.

Spirometa hufichua hasara hiyo mapema. Mwenye afya hutoa zaidi ya sehemu saba kwa kumi za ujazo wake hai katika sekunde ya kwanza. Aliyebanwa mirija hutoa pungufu.

4. Wajibu wa chama
Katibu aorodheshe wafanyakazi wanaobanwa kifua Jumatatu na kuwapeleka hospitali wakapimwe. Halmashauri ihakikishe kwamba vumbi linafyonzwa mashineni na hewa inapita. Mvutaji wa sigara aelezwe kwamba moshi huzidisha madhara ya vumbi.

Maswali ya kujadili
(a) Kwa nini mtu asiyetweta aweza kuwa tayari amepata hasara?
(b) Katika kinu au ghala mnalotumia, vumbi huzidi wapi, na nani husimama hapo?