NYAVU ZIPOTEAZO BAHARINI

Sisi tukaao chini ya Mlima Meru tu mbali na bahari, lakini samaki wengi wauzwao sokoni Arusha hutoka pwani na Ziwa Victoria. Basi hasara ya mvuvi ni hasara yetu pia. Yafaa tujue jinsi nyavu zipoteavyo.

Sababu ya kwanza ni upepo. Kusi ikivuma kwa nguvu, mawimbi na mkondo huburuta jarife na kukata kamba ya nanga. Boya likipotea, mvuvi hana alama ya kutafutia.

Ya pili ni miamba. Wavu ukikwama katika matumbawe na kuvutwa kwa nguvu, hupasuka, na kipande hubaki chini.

Ya tatu ni vyombo vipitavyo. Mashua ya injini ikipita usiku juu ya wavu usio na taa wala alama, rafadha yake hukata kamba.

Ya nne ni wizi. Katika Ziwa Victoria wavuvi wa sangara wamelalamikia sana jambo hili. Mwizi mwenye haraka hukata kamba, achukue awezacho, na kilichosalia huzama.

Ya tano ni mvuvi mwenyewe. Ategaye nyavu nyingi kuliko awezavyo kuvuta huacha nyingine. Avuaye kwa nyavu zilizokatazwa huzitupa aonapo doria. Na mwingine hutupa wavu mbovu majini asiubebe hadi nchi kavu.

Zamani nyavu za pamba na za katani zilioza upesi. Nailoni hukaa majini miaka mingi. Kila mkulima wa huku ajua kwamba kitanzi cha waya kilichosahauliwa porini huendelea kunasa wanyama. Na wavu uliopotea huendelea kuua samaki wasioliwa na mtu. Hivyo mvuvi hupata hasara mara mbili: mali yake imepotea, na samaki wa kesho wanapungua.

Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa mwongozo wa kutia alama zana za uvuvi, mwenyewe apate kujulikana na vyombo vingine vizione.

Tazameni basi, wasomaji wetu: upepo hatuuwezi, wala miamba hatuwezi kuiondoa, bali sababu tatu zilizosalia zi mikononi mwa watu. Walimu na wawaulize wanafunzi: katika hasara za kijiji chetu, ni zipi tusingizavyo upepo, kumbe ni uzembe wetu?