Somo la Wiki: Bure, Huria na Kuazima



Jumamosi iliyopita, baada ya kipindi, mama mmoja alinisubiri mlangoni, simu mkononi. Mwanawe wa darasa letu la juu hushirikiana na wenzake kutengeneza programu huria, na kampuni moja imempa leseni ya mwaka mzima ya zana yake ya kuandikia programu, zana ambayo wengine huilipia. "Mwalimu," aliniuliza, "kitu hiki cha bure, mwanangu hatakuja kudaiwa?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilipofika nyumbani niliona nimejibu kwa wepesi mno, ndiyo maana somo la leo ni hili.

Tuanze na maneno. Kiingereza hutumia neno lilelile kwa mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga. Kitu cha *bure* ni kile usichokilipia. (Neno hili lina maana nyingine pia: "amehangaika bure" ni kusema hakupata kitu.) *Huria* ni kilicho wazi, kisichofungiwa watu. Soko huria si mahali pa kugawiwa vitu bila malipo! Na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutoza ada kama vyuo vingine. Programu huria, basi, ni ile ambayo maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyabadilisha na kuyagawa.

Zana aliyopewa kijana wetu ni ya bure, lakini si huria. Na *leseni* ni ruhusa tu. Leseni ya udereva haikupi gari. Kitenzi kinachofaa hapa ni *kuazima*. Ukiazima jembe la jirani utalima na mavuno yatakuwa yako, ila jembe lina mwenyewe. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. (Bibi yangu hakusema "maungo", lakini gazeti hili husomwa na watoto.)

Sasa kisa cha kweli. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Ufini, alianza kuandika Linux. Ni programu huria, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android. Wachangiaji walikuwa wengi, nao walitumiana mabadiliko kwa barua pepe hadi kazi ikamlemea Torvalds. Mwaka 2002 akaanza kutumia BitKeeper, zana ya kibiashara ya kutunza kumbukumbu za kazi: nani amebadilisha nini, na lini. Kampuni ya Larry McVoy, mwenye zana hiyo, iliwaruhusu wachangiaji waitumie bila malipo, kwa sharti kwamba anayeitumia asishiriki kutengeneza zana ya kushindana nayo.

Baadhi ya wachangiaji walinung'unika. Vipi kazi huria itegemee zana iliyofungwa? Torvalds alishikilia kwamba anachagua zana inayofanya kazi vizuri kuliko nyingine, na kwa miaka 3 mambo yalikwenda kasi.

Kisha Andrew Tridgell, Mwaustralia, akaandika programu ya kuchota kumbukumbu kutoka kompyuta za BitKeeper. Yeye hakuwa akitumia BitKeeper, kwa hiyo alisema masharti yale hayamhusu. McVoy hakuliona hivyo. Aprili 2005 ilitangazwa kwamba toleo la bure linaondolewa.

Torvalds aliiweka Linux kando, na tarehe 3 Aprili akaanza kuandika zana yake mwenyewe, Git. Kufikia tarehe 7 Git ilikuwa tayari inatunza kumbukumbu za Git yenyewe. Git ni ya bure na ni huria, na leo hutumiwa na waandishi wa programu duniani kote. BitKeeper nayo ilifanywa huria mwaka 2016, lakini watu walikuwa wameshahama.

Mimi simwoni mwizi katika kisa hiki. Mwenye jembe alikuwa na haki ya kulitaka jembe lake. Kosa lilikuwa kulima shamba zima kwa jembe moja la kuazima, bila la akiba nyumbani.

Mama, jibu langu la pili ni hili. Leseni za namna hii zipo kihalali. JetBrains, kwa mfano, huwapa wachangiaji wa miradi huria leseni ya mwaka mmoja, ambayo wanaweza kuiomba tena. Lakini keti na mwanao msome masharti pamoja. Je, anaruhusiwa kuitumia kwa kazi ya malipo? Mara nyingi hapana. Anaweza kumpa kaka yake? Wakitaka namba ya kadi ya benki, asiendelee mpaka ujue ni ya nini. Na muhimu kuliko yote: siku leseni ikiisha, kazi yake itafunguka kwa zana nyingine? Msimbo wa kawaida hufunguka, hata kwa programu rahisi kabisa ya kuandikia. Hapo ndipo tofauti na BitKeeper.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili zenye neno "bure", kila moja kwa maana yake.
2. Jaza kwa bure au huria: "Maji ya msikitini ni ya ____." "Nchi yetu inafuata uchumi wa soko ____."
3. Muulize mzazi au bibi: ni kitu gani aliwahi kuazima, na mwenyewe akakitaka kabla hajamaliza kukitumia? Andika mistari 5.

Leteni madaftari Jumamosi.