Maudhi Madogo ya Jirani



Ndugu mmoja wa hapa Yamumbi aliuliza baada ya Alasiri: "Shehe, haya mambo ya kuudhi ya kila siku, kama kuku wa jirani kuparura mboga, jembe kuazimwa lisirudi, na maji machafu kumwagwa njiani, je, yana hukumu katika dini, au ni mambo ya dunia tu?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa asubuhi ya siku hiyo hiyo kuku wa jirani yangu walikuwa wamemaliza safu mbili za sukumawiki, nami nimekuja darasani na moyo uliokunjamana.

Jawabu ni kuwa yana hukumu, na mojawapo imo ndani ya Qurani yenyewe. Mtume alipomwoa Bibi Zainab bint Jahsh alifanya karamu ya mkate na nyama. Watu wakala wakashiba, wakaondoka. Wakabaki wachache wamekaa wakizungumza. Mtume akatoka, akapita katika vyumba vya wake zake akiwasalimu, akarudi, akawakuta wangali pale pale. Naye alikuwa mwenye haya mno, hakuweza kuwaambia waondoke. Ndipo ilipoteremka aya ya 53 ya Sura ya Al-Ahzab, ikawafunza Waislamu kuwa wakishakula watawanyike, na ikaeleza kuwa kukaa kule kulikuwa kukimuudhi Mtume.

Tazama, ndugu msomaji: wageni wale hawakuiba wala hawakutukana. Walizungumza tu, na yamkini mazungumzo yao yalikuwa mazuri. Kosa lao ni kutotambua kuwa mwenye nyumba amechoka, na kwamba anayenyamaza si lazima awe ameridhika.

Sasa angalia desturi yetu. Ukimwambia mtu akutajie maudhi ya jirani zake atakuhesabia mpaka Magharibi iingie: huyu redio yake, yule moshi wake, wa tatu pikipiki yake aipigayo moto usiku wa manane. Ukimuuliza yeye mwenyewe huwaudhi kwa lipi, hunyamaza na kutazama juu. Nasi watu wa elimu hatukusalimika na hayo. Twajadiliana miaka na miaka juu ya kunuti ya Alfajiri, na viatu vyetu tumevirundika mlangoni mwa msikiti hata mzee hapati pa kuweka mguu.

Nitatoa mfano wa nafsi yangu, ijapokuwa wanionea haya kuutoa. Nilikwenda kwa jirani yangu mmoja, mama wa Kikristo, kumlalamikia kuhusu vipaza sauti vya mkesha wa ibada uliofanywa uani kwake hata kukapambazuka. Akanipa kiti, akanisikiliza, kisha akasema: "Pole sana, Mwalimu. Haitakuwa tena hivyo. Lakini nami nina neno, na nikikosa unisamehe. Adhana hainisumbui, ni fupi, na watoto wangu huamkia shule kwayo. Ni kile kisomo cha kabla ya adhana, nusu saa nzima. Mama mkwe wangu ni mgonjwa, usingizi humjia saa tisa za usiku, na saa kumi na nusu huwa ameamka, analia."

Nikamuuliza, tangu lini? Akasema: "Mwaka wa pili huu."

Sikuwa na la kujibu. Mimi nilikwenda kumdai usiku mmoja, na yeye alikuwa akinidai miaka miwili asiseme. Nikakumbuka hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, kuwa Mtume alikuwa katika itikafu msikitini akasikia watu wakisoma Qurani kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawaambia kuwa kila mmoja wao anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti. Ikiwa Qurani yaweza kusomwa kwa namna ya kumuudhi Mwislamu aliye ndani ya msikiti, mwenye kuipenda na kuijua, itakuwaje kwa mgonjwa kitandani asiyefahamu hata neno lake moja?

Tulikutana tukalizungumza jambo hili, na halikuwa jepesi. Wengine walisema nauonea haya Uislamu. Mwisho tuliafikiana kuwa kipaza sauti cha nje ni cha adhana, na kisomo kisomwe ndani. Ndugu wawili hawajaniamkia tangu siku hiyo.

Na hapa petu neno hili lina uzito wa peke yake. Twakaa pembezoni mwa Eldoret, makabila na dini mbalimbali, ua kwa ua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa na watu wakahama, na jina la Yamumbi likaandikwa pamoja na Langas, Huruma na Kimumu katika mashtaka yaliyofikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ambayo yalifutwa tarehe 5 Aprili 2016 pasi na mtu kutiwa hatiani. Sisemi kuwa kuku na maji machafu ndiyo yaliyochoma nyumba. Asemaye hivyo atakuwa amewapunguzia mzigo wanasiasa, na ugomvi wa ardhi nao ni wa zamani. Nisemalo ni dogo kuliko hilo. Siku ya kukimbia mtu hugonga mlango ulio karibu, na mwenye mlango, kabla ya kufungua, humkumbuka anayegonga.

Ndugu yule akaniuliza tena: basi aliyeudhiwa anyamaze? La. Mtu mmoja alimshitakia Mtume jirani yake. Akaambiwa asubiri, na aliporudi mara ya pili au ya tatu akaambiwa atoe vyombo vyake avitupe njiani. Kila apitaye akauliza kisa chake, akamlaani yule jirani, hata jirani mwenyewe akaja kumwomba arudi ndani, asione tena la kumchukiza. Subira ilitangulia, kisha neno likasemwa hadharani. Yule mama alisubiri miaka miwili, wala hakutoa hata kijiko njiani.

Mimi nami sikutoa vyombo kwa ajili ya sukumawiki. Nilimwendea mwenye kuku jioni ile ile. Akacheka, akasema, "Shehe, kuku hawajui mpaka," kisha akaniuliza kama nina nyundo. Jumamosi inshallah tutajenga uzio. Fito zangu, misumari yake. Mpaka leo kuku wangali waja.