Kiti Chako Kisikose Mtu

Maandiko ya somo: Ruthu 1:6-18, Waebrania 10:19-25

Fungua kwanza maandiko hayo mawili uyasome polepole, halafu urudi hapa. Leo nitaanza na mpira, na naomba usiniulize mpira umeingiaje kanisani mpaka umalize.

Mwaka juzi nilimtembelea dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi huko Marekani. Anaishi Lawrence, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Kansas. Timu ya chuo ya mpira wa kikapu inaitwa Jayhawks. Siku ya mechi nilishangaa. Dukani, benki, hata kanisani tulikoabudu, kila mtu amevaa buluu na nyekundu. Shemeji akaniambia, "Hapa humwulizi mtu kama anaipenda timu. Unamwuliza anakaa upande gani."

Jioni tukaenda. Ukumbi unaitwa Allen Fieldhouse, ulifunguliwa mwaka wa 1955, na kwa miaka mingi ulichukua watu 16,300. Kando yangu alikaa mzee wa miaka themanini hivi pamoja na mjukuu wake. Akaniambia alikuja mara ya kwanza na baba yake, ukumbi ukiwa bado mpya. Nikamwambia, "Basi mzee, umeona ushindi mwingi." Akacheka. "Nimeona na kushindwa kwingi. Nilikuja tu."

Nilikuja tu! Hilo neno lilinichoma, na nitakuambia kwa nini.

Lakini kwanza sikiliza historia yao. Walichukua ubingwa wa vyuo mwaka wa 1952. Mwaka wa 1957 walifika fainali wakiwa na Wilt Chamberlain, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo, wakashindwa na North Carolina kwa pointi moja, 54 kwa 53, baada ya muda wa nyongeza mara tatu. Ubingwa haukurudi mpaka 1988. Hesabu mwenyewe: miaka 36. Mtoto aliyezaliwa 1952 alikuwa mtu mzima, na pengine ana watoto wake. Na hata huo mwaka wa 1988, timu ilipoteza mechi 11 kabla ya kutwaa kombe. Lakini ukumbi haukuhamwa. Baba alileta mtoto, mtoto akaleta mjukuu, vile huku kwetu nyumba inavyorithi Gor Mahia au AFC Leopards.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Aliyebuni mpira wa kikapu, James Naismith, alikuwa amesomea theolojia. Mwaka wa 1891 alikuwa mwalimu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, akapigilia vikapu viwili vya matunda ukutani, mchezo ukaanza. Mwaka wa 1898 akahamia Lawrence, na yeye ndiye kocha wa kwanza wa timu hii. Unajua alifanyaje? Alishinda mechi 55, akashindwa 60. Katika makocha wote wa Jayhawks, ni yeye peke yake aliyeshindwa mara nyingi kuliko kushinda. Na bado uwanja wa ndani ya ukumbi ule una jina lake, na kaburi lake liko mjini humo. Mji haukumpima kwa matokeo.

Sasa nije kwangu. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi ndimi niliyeshika ufunguo wa maombi ya Jumatano. Tulikuwa watu arobaini. Vijana wakaanza kwenda kwingine kwenye vyombo vizuri na viti vya kisasa. Tukawa kumi, tukawa sita. Nikaanza kusema, "Leo nimechoka, hata hivyo nani atakuja?" Jumatano moja ya mvua sikwenda, na sikumpa mtu ufunguo. Kesho yake nikasikia kwamba mama mmoja mjane alifika, akakuta kufuli, akasimama chini ya mabati akaomba peke yake mpaka giza likaingia. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mzee, nilidhani umeugua."

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimehesabu watu nikaona hawatoshi.

Ndiyo maana maneno ya yule mzee yalinichoma. Turudi kwenye Neno. Naomi hakuwa na kitu cha kumpa Ruthu. Mume amekufa, wana wamekufa, na yeye mwenyewe alimwambia arudi kwao. Orpa alilia, akambusu, akarudi. Ruthu naye alilia, lakini akabaki. Machozi yalikuwa sawa. Tofauti ilikuwa miguu. Na wale wa Waebrania 10:25 hatuambiwi kwamba waliiba au walilewa. Walizoea tu kutokuja.

Kule Lawrence wanafunzi hujiunga katika vikundi kungojea nafasi nzuri za kukaa. Majina huitwa, na lazima mmoja wa kikundi awepo aitikie. Kikundi kisipoitika, kinafutwa kwenye orodha. Mmoja anaenda darasani, mwingine anabaki. Mpendwa, je, hata kwa maombi hatuwezi kupokezana?

Mpira haumwokoi mtu, na sisemi tuige kila kitu. Lakini watu wakiweza kungojea kombe miaka 36, sisi tunaomngojea Bwana tunachokaje kwa Jumatano tatu?

Niliporudi nilimwendea yule mama nikamwomba msamaha. Nikatengeneza ufunguo wa pili, nikampa yeye. Juzi tulikuwa saba. Nilifika nimechelewa, nikakuta mlango uko wazi na ameshapanga viti arobaini.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni huduma gani umeiacha kwa sababu watu ni wachache?
2. Watoto wako wanakuona ukienda, au wanakusikia tu ukisema?
3. Usipofika wiki hii, ni nani atakayekuta kufuli?

Tuombe: Bwana, tufundishe kuja hata wakati hakuna wa kutupigia makofi. Amina.