Ngazi za Heshima katika Chama cha Waandishi: Mfano wa Chama cha Kifalme cha Fasihi cha Uingereza

Utangulizi

Kila chama cha fasihi kinapokua hukabiliwa na swali gumu: ni nani ahesabiwe kuwa mwanachama tu, na ni nani apandishwe daraja kwa sababu ya mchango wake? Mbele ya mweka hazina wote waliolipa ada ni sawa. Mbele ya fasihi si sawa, kwani mtu aliyetunga kwa miaka thelathini hawezi kuwekwa kwenye mizani moja na aliyejiandikisha juzi. Makala haya yanachunguza jinsi Chama cha Kifalme cha Fasihi cha Uingereza kilivyolijibu swali hilo tangu kilipoasisiwa mwaka 1820. Chama hiki kimeteuliwa kwa sababu historia yake ni ndefu kiasi cha kuanika udhaifu wake, na kwa sababu katika orodha zake wamo waandishi wawili wa Afrika Mashariki ambao msomaji wa Kiswahili anawafahamu.

Ruzuku ya Mfalme

Chama kilianzishwa kwa ufadhili wa Mfalme George IV, na rais wake wa kwanza alikuwa Askofu Thomas Burgess. Hati ya kifalme kilipewa mwaka 1825. Heshima kuu ya wakati huo iliandamana na fedha. Waandishi na wasomi 10 waliteuliwa kuwa Washirika wa Kifalme, na kila mmoja akawa analipwa gini 100 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa mfalme. Miongoni mwao walikuwa mshairi Samuel Taylor Coleridge, aliyeteuliwa mwaka 1824, na mwanauchumi Thomas Malthus. Washirika hawa walitarajiwa kuwasilisha mada mbele ya wenzao, na mnamo Mei 1825 Coleridge alitoa mhadhara kuhusu tamthilia ya Prometheus ya Aeschylus.

Kwa Coleridge fedha hizo hazikuwa pambo. Alikuwa mgonjwa, mwenye umri mkubwa na mapato haba. George IV alifariki mwaka 1830, na William IV aliyemrithi hakuendelea na malipo. Ruzuku ikakatika. Coleridge na Malthus waliishi hadi 1834, wakiwa bado na jina bali hawana posho. Hapa ndipo udhaifu wa ngazi ya kwanza unapojitokeza: ilitegemea mkono mmoja, na mkono huo ulipoondoka hapakuwa na kanuni ya chama iliyoweza kuudai uendelee. Mtu yeyote aliyewahi kuhudumu katika kamati ya chama cha wanafunzi, akaona shughuli zikififia mara tu mlezi mmoja mkarimu anapohamia chuo kingine, hahitaji kuelezwa zaidi.

Heshima Inayotolewa na Wenzi

Kilichodumu ni ngazi isiyokuwa na mshahara. Mwandishi hupendekezwa, kisha baraza la chama huamua. Kigezo cha msingi kimekuwa kuchapisha au kuonyesha jukwaani angalau kazi mbili zenye ubora wa hali ya juu. Kigezo hiki kina busara yake, maana kitabu kimoja chaweza kuwa bahati, ilhali cha pili huthibitisha kwamba mkono ule unajua unachokifanya. Anayekubaliwa huongeza herufi za chama baada ya jina lake, na hutia saini katika daftari lile lile lililoanza kutumika katika karne ya 19. Kalamu anayotumia nayo ina ukoo: kwa miaka mingi walioingia walichagua kati ya kalamu ya Byron na unyoya wa Dickens. Baadaye ziliongezwa kalamu za T. S. Eliot na George Eliot, na kuanzia mwaka 2020 kalamu ya Andrea Levy, mwandishi aliyezaliwa London kwa wazazi kutoka Jamaika. Huenda wengine wakaliona hili kuwa mchezo. Hata hivyo, chama kisicholipa posho hakina budi kutafuta kitu kingine cha kumkabidhi mtu, na kumkabidhi kalamu ya aliyemtangulia ni kumwambia amekaa kwenye mkeka wa nani.

Juu ya daraja hiyo iko nyingine iliyoanzishwa mwaka 1961, ile ya Mwandani wa Fasihi. Wa kwanza kupewa walikuwa watano: Winston Churchill, E. M. Forster, John Masefield, Somerset Maugham na G. M. Trevelyan. Idadi yao imewekewa kikomo cha watu wachache walio hai kwa wakati mmoja. Kikomo hicho ndicho siri ya thamani yake. Bila hicho ingekuwa jina jingine tu la daraja ya chini.

Iko pia daraja ya heshima kwa wasioandika: wachapishaji, mawakala wa waandishi, wakutubi na wengineo wanaoitumikia fasihi kwa njia nyingine. Vyama vingi huisahau daraja hii. Ikumbukwe kwamba mhariri anayeusoma mswada mara tano hadi ukasimama hapati jina lake kwenye jalada.

Aidha, chini ya madaraja haya yote wako wanachama wa kawaida. Hao hulipa ada, huhudhuria mihadhara na hawachaguliwi na mtu.

Mabishano

Ngazi inayotolewa na wenzi nayo ina kasoro yake. Wenzi huwapenda wanaofanana nao, na orodha ya chama iliendelea kwa muda mrefu kuwa ya watu wa tabaka moja, umri mmoja na rangi moja. Mwaka 2018 chama kiliwaingiza waandishi 40 wenye umri wa chini ya miaka 40 kwa mkupuo. Hatua nyingine za kupanua mlango zilifuata. Ilipofika mwaka 2024 mzozo ulikuwa umetoka hadharani: baadhi ya waandishi wakongwe walidai kwamba heshima inashushwa bei, naye Bernardine Evaristo, aliyekuwa rais wakati huo, akaandika gazetini kutetea upanuzi.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini hazikuwa zikijibu swali moja. Wakongwe waliuliza mtu awe amefanya kazi kiasi gani kabla ya kuheshimiwa. Wapanuzi waliuliza ni kazi za nani zilizokuwa zikisomwa na wachaguzi. Chama kinaweza kudumisha kigezo cha kazi mbili bora bila kupunguza hata chembe, na bado kikawanyima haki watu ambao vitabu vyao havikufika mezani. Kosa la kuchagua na kosa la kutosoma hayatibiwi kwa dawa moja.

Wasioingia kwa Sababu ya Lugha

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliingizwa chamani mwaka 2006, miaka 15 kabla ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Anaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ilipata tafsiri ya Kiswahili, Peponi, mwaka 2022 kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Yaani alikuwa amekwisha kuheshimiwa London kwa miaka 16 kabla ya msomaji wa Kiswahili kuisoma riwaya hiyo kwa lugha yake.

Mwaka 2021 chama kilianzisha daraja ya waandishi wa kimataifa wasioishi Uingereza, na Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa katika kundi la kwanza. Daraja hiyo haikudai Kiingereza: Olga Tokarczuk huandika Kipolandi, Yan Lianke Kichina, na Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, aliandika riwaya zake za baadaye kwa Gĩkũyũ. Hata hivyo, wote hao wametafsiriwa kwa wingi. Linganisha na Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 2025. Baraza la chama cha ng'ambo, hata likiwa na nia njema kupindukia, lingeisoma vipi riwaya hiyo katika miaka hamsini na zaidi iliyopita katikati? Kwa hiyo ngazi ya kumpandisha mwandishi wa Kiswahili sharti ijengwe na wanaokisoma Kiswahili.

Tunazo tuzo, kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Lakini tuzo huheshimu kitabu cha mwaka fulani, na mwaka ukipita jicho huelekezwa kwingine. Daraja ya chama humheshimu mtu kwa maisha yake yote ya kazi.

Majina ya Madaraja

Utamaduni wa ushairi wa Kiswahili haukukosa madaraja. Malenga alitambuliwa kwa ubingwa wake, na shaha akawa juu ya washairi wenzake. Majina haya hayakupigiwa kura. Yaliganda kwa mtu kwa sababu hadhira na mahasimu wake waliyakubali. Ndiyo maana Ahmad Nassir angeweza kuitwa Malenga wa Mvita kwenye jalada la diwani ya 1971 bila kuhitaji cheti cha baraza lolote. Chama kikiamua leo kuyatumia majina hayo, kitakuwa kimeazima mamlaka ya hadhira, na hadhira yaweza kuyadai tena.

Kwa daraja ya kati neno ni gumu zaidi. Waingereza hutumia fellow, ambalo baadhi ya wafasiri wamelipa maana ya mtafiti, ingawa mshairi si lazima awe mtafiti. Neno hilo lina asili katika lugha ya kale ya Skandinavia, ambako lilimaanisha mtu anayeweka mali yake pamoja na ya mwenzake katika shughuli moja. Kiswahili kina neno la maana hiyo hiyo, nalo ni mbia. Linasikika la kibiashara, na wapo watakaolikataa kwa sababu hiyo. Lakini linamfaa mtunzi pamoja na mhariri na mkutubi, jambo ambalo malenga na shaha hayawezi kulifanya.